Jumbe Kumi na Tisa za Bi Mwanakheri

Saa kumi na dakika ishirini alasiri, siku ya arobaini, sauti ya Bi Mwanakheri ilitoka kwenye simu iliyowekwa juu ya mto. Khitma ya kumwombea marehemu ilikwisha kusomwa. Wanawake waliojaa katika nyumba ile ya Shela, Malindi, walikuwa na vikombe vya kahawa mkononi, na hakuna aliyekunywa.

"Mke mwenzangu," marehemu alisema, "huyu wa hapa ananipimia chumvi kama dawa ya sindano. Mchuzi wake ukiula, unajiona umelazwa."

Chumba kizima kikacheka. Shangazi Saada alijifuta macho kwa ncha ya mtandio. Radhia, ambaye ndiye huyo wa hapa, alicheka pamoja nao. Ujumbe ulikuwa wa sekunde arobaini na moja, na bibi alisema mke mwenzangu mara mbili.

Bibi yeyote wa pwani humtania mjukuu wake wa kike kwa jina hilo, maana wote wawili huhesabiwa wake wa babu. Radhia alilijua hilo. Lakini miaka sita aliishi na Bi Mwanakheri, akimpima presha kabla ya kwenda kazini maabara na tena akirudi, na hakupata kumsikia akimwita hivyo mjukuu mwingine. Alikuwa amelichukua kuwa lake peke yake.

Ruwaida, binti wa mjomba wake, miaka hiyo alikuwa Maskati. Kila Ijumaa bibi alimtumia ujumbe wa sauti, kama huo uliotoka leo kwenye simu yake, na kwa kuwa macho yake yaliingia ukungu, Radhia ndiye aliyemshikia simu na kumbonyezea. Simu yenyewe ilikuwa ya Radhia. Kila ilipojaa alifuta jumbe za zamani, asiwaze kwamba anafuta sauti ya mtu. Ijumaa nyingine bibi alimwambia akaangalie wali. Radhia alikwenda jikoni, akarudi, akatuma ujumbe bila kuusikiliza, kama mtu aliyepewa barua iliyofungwa. Wali mara nyingi ulikuwa umeshaiva na kupakuliwa.

Wageni walipoanza kuondoka, alimfuata Ruwaida uani.

"Unazo ngapi?"

"Za kukusema wewe?" Ruwaida alitabasamu. "Zote ni kumi na tisa, nyingi zilipotea na simu yangu ya zamani. Humo nyengine kanisema mimi."

Radhia akamwomba amrushie zote. Tabasamu likaondoka. Ruwaida alisema kesho asubuhi anapanda ndege, na jumbe zile ndizo tu alizobaki nazo za bibi. Radhia mwenyewe alimwogesha bibi, alimsuka, alimlisha, alijua hata akigeuka upande gani usiku anakohoa.

"Wewe ulikuwa naye mzima mzima, da Radhia. Nikikupa na hizi, mimi nabaki na nini?"

Haikuwa imempitikia Radhia kwamba kuna mtu angeweza kulionea wivu beseni lake la kumwogeshea bibi na kitambaa chake. Aliona pia kwamba wivu wa Ruwaida haukuupunguza wake hata kidogo.

Kisha Ruwaida akasema, polepole, "Alfajiri ile aliyofariki, bibi alisema nini? Hujamwambia mtu. Nambie mimi, nikupe zote."

Alfajiri ile, saa kumi na dakika hamsini, Bi Mwanakheri alifumbua macho akauliza kama Ruwaida keshafika. Radhia alimjibu bado. Bibi akauliza tena vilevile, na hakuuliza jingine. Hakumwita Radhia kwa jina lolote. Ndege ya Ruwaida ilitua saa sita mchana, marehemu ameshaoshwa na kukafiniwa kwa sanda.

"Hakusema kitu," Radhia alisema. "Alilala, hakuamka."

Ruwaida alimtazama, akashusha pumzi. Afadhali, alisema. Njia nzima ndani ya ndege alikuwa akiogopa kwamba bibi anamuulizia.

Radhia angeweza kusahihisha maneno yake hapo. Alingoja jumbe.

Ruwaida aliketi kwenye kibao cha mbuzi cha kukunia nazi, akainamia simu. Jumbe zikaanza kuingia kwenye simu ya Radhia, moja moja, na kila ulipoingia ujumbe Radhia alitazama tarehe iliyo kwenye jina la faili, akitafuta zile Ijumaa alizotumwa kuangalia wali. Wa kumi na tisa uliingia saa kumi na moja na dakika thelathini na sita. Ruwaida akainuka, akaingia ndani kusaidia kuosha vikombe.