Salamu za Werema

Werema wa Ntimaru alizikwa mwezi wa nne, lakini redio haikuwa na habari. Kila Jumapili watu wa Rongo na Homa Bay, ambao hakuwahi kuonana nao, bado walimtumia salamu, na mjane wake Edinah alisikiliza bila kupumua.

Lakini kadi za salamu, zile watu wanazojaza majina na kuzituma zisomwe redioni, zina ukorofi wake: ukisalimiwa nawe usisalimu wengine, wanakuacha. Jina la Werema likaanza kupotea. Kufika mwezi wa saba, hakuna aliyemtaja.

Edinah akanunua kadi dukani, akaijaza: “Mimi Werema, nikiwa mzima wa afya, nawasalimu nyote.”

Mtangazaji alipoisoma, Edinah, aliyeiandika kwa mkono wake mwenyewe, aligeuka haraka akatazama mlangoni.