Kidole Kimoja Zaidi

Keynan alikuwa amekwisha kuamua. Saa saba mchana, meza kubwa ikifunguliwa, angeingia na kila alichokuwa nacho.

Meza yenyewe ilikuwa ndani ya simu yake. Ilikuwa meza ya poka, karata zinazochezwa mtandaoni na watu wasioonana, wengine wako Nairobi, wengine Mungu ndiye ajuaye wako wapi. Kwa miezi mingi alikuwa akicheza meza ndogo, amejificha ndani ya kibanda chake cha kutengeneza simu mjini Garissa, akishinda kidogo, akipoteza kidogo, akishinda tena. Kamari ni haramu, hilo hakuhitaji sheikh wa kumkumbusha, na ndiyo maana hata dada yake hakujua. Lakini meza ndogo ilikuwa imeanza kumchosha. Mtu mzima na ndevu zake hawezi kushangilia vijisenti milele. Huko juu dau moja tu lilikuwa sawa na jasho lake la mwezi mzima.

Basi asubuhi hiyo ya siku ya soko, dada yake Sirad akamjia kibandani.

"Keynan, funga. Nataka mkono wako."

"Mkono wa nini, abaayo?" Ndivyo alivyomwita dada yake mkubwa tangu utotoni.

"Leo nanunua ngamia."

Keynan akaweka bisibisi chini. Sirad alikuwa mtu wa mbuzi. Alianza na mmoja mwenye pembe iliyovunjika, mwaka aliofiwa na mumewe, na kutoka kwa huyo akapata wengine wote. Kila siku ya soko alipita upande wa ngamia akipunguza mwendo, akawatazama, akaenda zake. Watu walimtania: we Sirad, utapanda lini hadi ngamia? Naye akajibu, "Bado." Alijibu hivyo miaka nenda miaka rudi, mpaka watani wakachoka wenyewe. Sasa alikuwa ameuza nusu ya mbuzi wake. Nusu nyingine, wale wa maziwa ya watoto, ilikuwa marufuku kuwagusa.

"Kwa nini leo?" Keynan akauliza.

"Kwa sababu leo ngamia akinifia, watoto wangu bado watakunywa maziwa."

Sokoni vumbi lilikuwa limesimama hewani na mbuzi walikuwa wakilia kila upande. Walipofika kwa ngamia kelele zikapungua. Keynan alikuwa amewaona ngamia maisha yake yote, lakini hakuwahi kuja kwao kwa nia ya kununua, na nia ile ilimfanya awaone upya. Walikuwa warefu mno. Walimtazama kutoka juu wakitafuna taratibu, na yeye akajiona mgeni kwao.

Sirad alikwenda moja kwa moja kwa jike mmoja mwekundu, mwenye mimba, aliyeletwa kutoka Diff na mzee aitwaye Abdisalam. Mzee akaitikia salamu, akaifungua shali yake begani.

Pale kwenye ngamia bei haitamkwi. Muuzaji na mnunuzi hushikana mikono chini ya shali, vidole ndivyo vinavyosema, na anayetazama kando haambulii kitu. Utaratibu mzuri sana, ila kwa Sirad ulikuwa na kikwazo. Mwanamke hampi mkono mwanamume asiye ndugu yake. Kwenye mbuzi watu hupigiana kelele tu, wake kwa waume, mambo yakaisha. Hapa alihitaji mkono wa ndugu.

"Mkono wa kulia mpe mzee," akamnong'oneza Keynan. "Wa kushoto nipe mimi. Atakavyokubana, nibane vivyo hivyo. Nitakavyokubana, mpelekee yeye. Usiongeze, usipunguze. Leo wewe ni kamba."

Wakasimama hivyo, Keynan katikati, mkono mmoja umezama ndani ya shali ya mzee, mwingine ndani ya mtandio mpana wa dada yake. Mzee akabana vidole vyake. Keynan akapeleka. Jibu likaja kutoka kushoto, fupi na bila haraka, naye akalipeleka kulia. Mzee akatikisa kichwa, akabana tena.

Hapo ndipo mshangao ulipomshika. Mkono wa Sirad ulikuwa mkavu, umetulia kabisa. Kulikuwa na mbuzi wa miaka yote ndani ya mkono ule, na mjane, na watoto, lakini haukuwa na haraka wala hofu. Yeye kwenye meza ndogo ya vijisenti hutetemeka mpaka simu inamponyoka. Alimtazama dada yake usoni akitafuta siri, akakuta uso uleule wa kuchagua nyanya.

Mzee akashuka. Sirad akapanda. Wakakaribiana, hata pakabaki kidole kimoja tu kati yao. Mzee akakibana kidole hicho na kukishikilia.

Keynan akapeleka, akangoja. Kushoto kukawa kimya.

Kidole kimoja! Ngamia yule mwekundu alikuwa amesimama hapohapo, pumzi yake inamgusa Keynan shingoni, na kati yake na wao palikuwa na kidole kimoja. Keynan angekibana tu, mzee angejua wamekubali, na neno la chini ya shali halirudishwi. Wangeuza mbuzi wawili watatu wa maziwa, ingekuwa nini? Kidole chake cha kulia kikaanza kwenda, na cha kushoto kikakaza pamoja nacho.

Kucha za Sirad zikamchoma kiganjani. Alikuwa amekishika kidole chake cha kushoto kabla cha kulia hakijafika.

"Adeer," akamwambia mzee kwa heshima, akiuachia mkono wa ndugu yake, "Allah akubariki katika mali yako." Akageuka, akaondoka.

Walikwenda kwenye kibanda cha chai. Sirad akaketi, akaweka kikombe mbele yake, akalia. Hakujificha. Machozi yalishuka naye akayaacha.

"Turudi basi!" Keynan akasema. "Ni kidole kimoja, wallahi, kidole kimoja!"

"Kile ni maziwa ya watoto."

"Lakini unamlilia."

"Namlilia, ndiyo. Nilimpenda." Akajifuta kwa ncha ya mtandio. "Na wewe, mkono wako ulikuwa umelowa kabla hata mzee hajakushika. Sijui unataka kununua nini, walaal, ndugu yangu, na sikuulizi. Ila mkono ule si wa kununulia."

Keynan akaitazama chai yake. Alidhani yeye ndiye aliyekuwa akimsoma dada yake. Kumbe kamba ina ncha mbili, na muda wote ule alikuwa amesomwa yeye, hata ile meza ya saa saba iliyokuwa moyoni mwake. Akaona haya, na juu ya haya akamwona Sirad mkubwa kuliko alivyowahi kumwona.

Chai ilikuwa imepoa wakati shali ya Abdisalam ilipoonekana mlangoni, jike mwekundu akimfuata kwa kamba. Malori ya wanunuzi wa Nairobi yalikuwa yamejaa na kuondoka, na mzee hakutaka kumrudisha jike mwenye mimba mpaka Diff kwa jua lile. Hakueleza mengi. Alinyoosha mkono tu.

Sirad alishtuka waziwazi. "Nilidhani yule jike ameshakwenda," akamwambia Keynan, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kuzika.

Wakasimama tena watatu. Mzee akabana, na kile kidole hakikuwamo. Keynan akapeleka sawasawa, bila kuongeza wala kupunguza. Kutoka kushoto likaja jibu, mkono mkavu uleule, umetulia vilevile.

"Mabruuk," akasema mzee, akaomba dua, akampa Keynan kamba.

Mzee alipokwisha kwenda, Sirad alisogea akaweka kiganja kwenye shingo ya ngamia wake. Ndipo mkono ule ukaanza kutetemeka. Ulitetemeka mpaka kiwikoni, bangili zikagongana. Jike akageuza kichwa kumtazama.

"Abaayo, unaogopa?"

"Tangu alfajiri," akasema Sirad, akicheka na kulia. "Lakini mkono nilikuwa na kazi nao."

Keynan alisimama kati ya mwanamke yule na mnyama yule akahisi jinsi alivyo mdogo, na ilikuwa raha kuhisi hivyo.

Simu ikatetemeka mfukoni mwake. Saa saba.

"Nipe kamba," Sirad akasema, "pokea simu yako."

Keynan akautazama mkono wake wa kushoto. Ulikuwa bado umelowa jasho, una alama nne nyekundu za kucha.

"Bado," akasema, na kamba akaikaza.