Pijo ya Mzee Ndesario

1.

TANGAZO

Wakazi wote mnaarifiwa kuwa barabara ya kwenda kanisani itapanuliwa. Magari yaliyoegeshwa ndani ya eneo la barabara yaondolewe. Gari linalotembea kwa injini yake litahamishwa na mwenyewe. Lisilotembea litahesabiwa kuwa chuma chakavu na litakatwa papo hapo siku ya Jumatatu.

Mtendaji wa Kata


2.

Lisilotembea ni moja tu, na mlima mzima unalijua: Pijo 404 ya marehemu mzee Ndesario, rangi ya maziwa, iliyokaa kwenye kibanda cha mabati kando ya barabara tangu alipozikwa mwenyewe. Nyuma yake kuna ukuta wa mawe, chini yake kuna migomba. Pa kuisogezea hapana.

Aikande, binti yake, alilisoma tangazo ukutani mwa duka, akalisoma tena, akaenda kumwambia mama yake. Mama alikuwa anamenya ndizi. Hakuinua uso.

"Hilo gari ndilo lililonileta hapa bibi harusi," alisema. "Wakilikata, wanikate na mimi."

Na mama huyu hana utani.


3.

MAKUBALIANO YA FAMILIA
(yaliyofikiwa baada ya matanga, kwa sauti za juu)

Ndelilio, mtoto wa kwanza, anaitaka Pijo kwa sababu ni wa kwanza.

Elinami, wa pili, anaitaka kwa sababu ndiye aliyekuwa akiiosha.

Aikande hakuulizwa.

Kwa hiyo: isiguswe na mtu. Hata vumbi lisifutwe.

Tangu hapo kaka hao wawili hawasemezani. Krismasi wote wanapanda nyumbani, mmoja kutoka Dar, mwingine kutoka Arusha, maana asiyekuja nyumbani Krismasi atajieleza vipi? Wanakula mbuzi mmoja. Akitaka chumvi huyu, humwomba Aikande amwombe yule.


4.

Wewe unayesoma, sogea karibu uone, ila usiguse vyombo. Fundi Mfinanga, aliyeitwa na Aikande, hapendi. Ni Mpare, na Mpare akipata gari la Mchaga hafungui boneti bila kutania kwanza.

"Nyie mmeibania gari hii hata kutu," alisema.

Kisha akaanza kupima, akitangaza kwa sauti kama karani wa mahakama:

betri, imekufa

kabureta, wanaishi nyigu

mipira, imeliwa na panya

injini

Hapo akamgeukia Aikande.

"Dada, sikufichi. Injini iliyolala hivi, pistoni zinakuwa zimeshikana na silinda kwa kutu. Nikikuta hivyo, tutaagana vizuri, na Jumatatu uwaachie wakate."

Akaingia chini, akalegeza nati ya kumwagia oili. Beseni lilikuwa tayari.

Oili ikatoka.

Ikatoka.

"Lete beseni jingine."

"Hili la kufulia?"

"Lolote. Lete na ndoo."


5.

Kawaida injini inakunywa oili kidogo tu. Hii ilikuwa imejaa mpaka shingoni. Fundi alichovya kidole kwenye beseni la kwanza: oili ya injini. Akachovya la pili: nzito, ya gia. Ndoo akainusa, akamtazama Aikande, akainusa tena.

"Hii ni alizeti. Ya kupikia."

Akatia spana mbele ya injini, akaivuta taratibu, huku ameuma mdomo.

Ikazunguka.

"Ilikuwa inaogelea," alisema fundi polepole. "Kutu ilikosa pa kuingilia. Nani kafanya ujinga huu uliookoa gari?"


6.

SIMU, DAR
— Kaka Ndelilio, shikamoo.
— Marahaba. Mama mzima?
— Mzima. Kaka, umewahi kutia oili kwenye Pijo?
— Nani kasema?
— Kaka.
— Kila Krismasi. Mkiwa ibadani. Lile tumbo lililokuwa linaniuma halikuwa tumbo. Usimwambie Elinami.

SIMU, ARUSHA
— Kila Krismasi, wakati mbuzi anachinjwa. Si nilikuwa naenda kutafuta kuni? Usimwambie Ndelilio.

JIKONI
— Mama.
— Niliwaona wanangu wanatia, mmoja mmoja, kama wezi. Nikasema haliwezi kuwa na madhara. Nikatia nilichokuwa nacho.


7.

Aikande alicheka mpaka akakaa chini. Kisha kicheko kikakatika, na kilichobaki kilikuwa wivu, wivu mtupu. Yeye ndiye anayelala jirani na gari hilo. Asubuhi zote anapita hapo akienda kufundisha. Makubaliano waliyafanya mama na kaka zake wawili, na aliyeyashika ni yeye peke yake, ambaye hata hakuulizwa.

Iliuma.


8.

MAHITAJI

Alizeti iliyobaki ndani ilikuwa imeganda kama ulimbo, ikazibana ringi za pistoni zote. Ringi mpya, basi. Na gasketi ya silinda, kwa kuwa injini imeshafunguliwa. Fundi alizunguka Moshi mjini siku nzima, akarudi mikono mitupu.

Aikande akapiga tena Dar. Kaka yake alikohoa.

"Gasketi ninayo. Iko kabatini, chini ya makoti. Niliiona dukani tu nikaichukua."

Akapiga Arusha.

"Ringi? Seti nzima ninayo. Nitaituma kwa basi."

Aikande alikuwa hajawahi kumpa amri aliyemzidi umri. Siku hiyo aliwapa wawili, kwa maneno yaleyale:

"Basi litapoteza. Lete mwenyewe."

Na hakumtajia mmoja safari ya mwingine.


9.

(Mama ndiye anayesema sasa.)

Walikutana Jumamosi kibandani, kila mtu na kifurushi chake. Wakasimama. Nikasema ndani yangu, hapa sasa watapigana na mimi nitazirai. Fundi hakuwapa nafasi. Mmoja akampa spana huku, mwingine akampa kule. Akawaeleza kwamba kifuniko cha silinda hakikazwi upande mmoja: huyu akikaza kidogo hapa, yule anakaza kidogo kule, mpaka mwisho, la sivyo kitavuja. Basi ikawa huyu anakaza, anangoja. Yule anakaza, anangoja. Neno hakuna. Lakini walingojana, niliwaona.


10.

JUMATATU

Mtendaji, binti mdogo aitwaye Matowo, amefika na vijana wa kukata chuma. Mitungi ya gesi iko begani.

Betri ya kuazima imekoroma mara moja, ikazima.

"Mama, shikamoo," alisema Matowo dirishani, kwa mama aliyejikalia kiti cha nyuma. "Naomba ushuke."

"Marahaba, mwanangu. Sishuki."

"Bado kusukuma," alisema fundi. "Mteremko upo. Wanaume wawili nyuma, dada kwenye usukani. Lakini msukume kwa pamoja, mmoja akitangulia itaingia kwenye migomba."

Aikande alikanyaga klachi. Kwenye kioo aliona vichwa viwili, vyote vimeanza kuota mvi, kila kimoja kinatazama upande wake.

"Nani anahesabu?" aliuliza Elinami. Hakuwa anamuuliza fundi.

Ndelilio aliegemeza bega kwenye buti, karibu na bega la mwenzake.

"Hesabu wewe, mdogo wangu."

Moja

     mbili

          na Pijo ikaanza kuteremka, na Aikande akaachia klachi, na chini ya miguu yake kitu kikakohoa, kikanyamaza, kikaunguruma, na Pijo ikashika barabara kwa injini yake.