Kufuli kwa Nje

Nilikuwa mmoja wa walioipigania ile sheria, sitamsingizia mtu. Mdogo wangu aliuawa na moshi wa jiko la mkaa katika chumba kisicho na dirisha, kwa hiyo ilipopita nililia kwa furaha: marufuku kupangisha chumba cha kulala kisicho na dirisha. Nani angepinga? Wakanipa na kazi ya ukaguzi.

Vyumba vyenye dirisha vikapanda kodi maradufu, na viwili vyangu vya uani vikiwemo. Sikulalamika. Visivyo na dirisha, wenye nyumba wakaviita stoo. Stoo haidaiwi dirisha. Wasiojiweza wakahamia stoo, na mkaguzi akionekana mtaani wanafungiwa humo kwa kufuli la nje, kimya, mpaka aondoke. Nilijua. Sote ofisini tulijua.

Asubuhi moja nilifika kwa mwenye nyumba tuliyemwita Mama Karibu, kwa ulimi wake mtamu. Korido ndefu, milango sita, mitatu ina makufuli. Nguo zilizoanikwa uani zilikuwa za watu wengi kuliko vyumba alivyonionyesha.

"Hizi stoo tu, baba. Magunia na panya."

Nyuma ya mlango wa mwisho, panya huyo alikuwa anapumua kwa mluzi. Pumu naijua, mke wangu anayo.

"Fungua hapa."

Akautoa ufunguo, akaniwekea kiganjani. "Fungua mwenyewe. Ila wako watu kumi na wanne kwenye hizi stoo tatu. Leo watalala wapi? Kwako?"

Hapo alinipata. Sheria yangu ilisema waliomo watolewe siku hiyohiyo. Nikagonga polepole.

"Nani humo?"

Mluzi ukakatika, aliyekuwa ndani alikuwa amebana pumzi. Kisha sauti ya mama mtu mzima, neno mojamoja.

"Hapa... hakai mtu... mwanangu. Nenda."

Nikarudisha ufunguo, nikaenda. Nilijiambia naenda haraka ili afunguliwe haraka. Kwenye fomu nikaandika "stoo", nikatia sahihi.

"Karibu tena, baba," akasema Mama Karibu.

Siku ya tatu nilirudi bila fomu, dawa ya kuvuta ya mke wangu mfukoni. Mlango wa mwisho ulikuwa wazi. Chumba kitupu, sakafu mbichi, imetoka kudekiwa.

"Yule mama yuko wapi?"

"Mama gani?" Hakunitazama usoni.

Nilizunguka hospitali mbili, kisha kituo cha polisi. Askari wa zamu aliniuliza jina lake, sikulijua. Akaniuliza alikuwa anaishi wapi. Nikamtajia nyumba na mlango. Akapiga simu ofisini kwetu, akasikiliza, akakata.

"Mzee, hicho chumba hakina mtu," akasema. "Kimekaguliwa juzi."