Siku Matairi ya Mbele Yalipokuja Kuaga

Usiku wa jana niliota, na usiniambie ni kwa sababu ya maharage, maana nililala na chai tupu.

Kwanza ujue hali ya nyumbani. Marehemu mume wangu alituachia Landrova moja kuukuu ambayo miguu yake yote minne inavuta wakati wote, pakiwa na matope, pakiwa pakavu, hata ikienda kanisani. Huku kwetu Makete, ukitaka kufika hospitali unapanda kwanza kilima cha Ng'enda, na mvua ikinyesha kilima hicho ni sabuni. Mkwe wangu Tulalumba ana mimba, na mwezi wake ndio huu. Sasa mwanangu Lwidiko, mume wake huyo Tulalumba, akaona kwenye simu kwamba matairi ya mbele yanakula dizeli bure. Akamwita fundi Chaula kutoka Njombe aje leo asubuhi ayaachishe kazi na kuyafungia loki.

Loki ni kidude cha mviringo kinachokaa katikati ya tairi la mbele. Ukishuka ukakigeuza kulia, tairi linavuta. Ukikigeuza kushoto, tairi linabiringika tu, kama mjomba aliyekuja kukutembelea wakati wa palizi.

Nikamwuliza Lwidiko, "Na matope yakija, nani atashuka kugeuza?"

"Aah, Mama, mambo ya gari haya huwezi kuyaelewa."

Mimi ni mvumilivu. Nikaenda kulala.

Basi niko jikoni. Mlango unagongwa. Nafungua, naona tairi la mbele la kushoto limesimama, limevaa koti la marehemu.

"Kamwene, mama," linasema.

"Kamwene. Karibu motoni, nje kuna baridi."

Linaingia, linakaa kwenye kigoda. Nyuma yake tairi la kulia linachungulia. Lina aibu, maana lina kiraka.

"Tumekuja kuaga," linasema la kushoto. "Kuanzia kesho sisi si wa wakati wote. Sisi ni wa kuitwa."

"Mtakuwa mnafanya nini?"

"Kubiringika. Fundi amesema tubiringike bila mawazo."

Nayapa viazi vya kuchemsha. Tairi la kulia linaficha kimoja chini ya kiraka, cha njiani. Nauliza wenzao wa nyuma wanasemaje.

"Wamenuna. Wanasema kazi ya wanne itafanywa na wawili, halafu atakayesifiwa ni Lwidiko."

Nageuka nichukue chumvi, lakini jiko limekuwa mimbari na mimi nimekaa kanisani, benchi la akina mama. Juu ya mimbari yuko fundi Chaula na spana yake.

"Kuna haja gani," anauliza, "miguu yote ifanye kazi wakati wote?"

"Hakuna haja!" kanisa linaitikia. Sauti ya Lwidiko iko juu kuliko zote, na huyo tangu Pasaka hajawahi kufungua mdomo humu ndani ila kupiga miayo.

Fundi anashuka, anaanza kazi. Anakifikia kiti cha mzee wa kanisa. "Miguu hii ya mbele inakula mbao bure," anasema, anailegeza. Mzee wa kanisa anaanguka kifudifudi. Akiwa hapohapo sakafuni anatoa ushuhuda kwamba anajisikia mwepesi. Analetwa ng'ombe wangu. Fundi anamlegeza miguu ya mbele, na ng'ombe anaondoka akikokota kidevu. Watu wanapiga makofi, wanasema ona sasa, hata kuinama kwenye nyasi hahitaji.

Inafika zamu ya Lwidiko. Fundi anammulika tochi masikioni, anamgonga goti, anatikisa kichwa.

"Huyu sina cha kumfanyia. Alitoka kiwandani akiwa wa kuitwa."

"Asante, fundi," anasema Lwidiko, kama mtu aliyesifiwa.

"Ila kuna kitu walisahau." Fundi ananitazama mimi. "Hawakumwekea loki. Hata akihitajika, hakuna pa kumgeuzia."

Siwezi kubisha. Huku kwetu msimu wa mvua ndio msimu wa ulanzi. Matope yakianza kushika magari, mianzi nayo inaanza kutoa pombe yake, na hapo mwanangu hageuziki hata kwa mtarimbo.

Fundi ananisogelea. "Na wewe, bibi, unavuta wakati wote. Kuni wewe, maji wewe, shamba wewe. Matumizi yako ni makubwa."

"Nakula viazi viwili na chai."

"Hata hivyo. Leta viwiko nivifungie loki. Ukihitajika, watu watakuja kukugeuza."

"Watu gani?"

Kanisa zima linatazama dari.

"Ngoja kwanza," namwambia, "nina chungu motoni."

Anangoja. Hata ndotoni, fundi anajua chakula chake cha mchana kinatoka wapi.

Nainuka niende kwenye chungu, lakini benchi linanguruma chini yangu. Ni kiti cha Landrova. Lwidiko yuko kwenye usukani, amevaa raba nyeupe. Tulalumba yuko katikati yetu, ameshika tumbo. Mbele ni kilima cha Ng'enda, na mvua inamwagika.

"Lwidiko, simama hapa pakavu ugeuze loki kabla hatujaingia."

"Tutaona hukohuko mbele, Mama."

Hiyo ndiyo sala ya madereva wetu wote. Nimezeeka sijamwona mwanamume aliyeshuka kwenye pakavu. Wanashuka wakishazama, halafu wanashika kiuno na kuilaumu barabara.

Tunazama. Matope yanapanda hadi mlangoni, yanabisha hodi. Nachungulia nje. Matairi ya mbele yamekaa kando ya barabara yanachoma mahindi.

"Jamani, vuteni!"

"Tungependa sana, mama," linasema la kushoto kwa heshima zote. "Lakini hatujageuzwa."

"Loki zenu ziko wapi?"

"Nimezikalia," yanasema matope. "Mngeshuka kule chini mngezikuta safi. Sasa karibuni kwangu."

Tulalumba ananishika mkono. Vidole vyake ni vya baridi. "Mama, mtoto anauliza kama tumefika."

"Bibi," inasema sauti ndogo kutoka tumboni, "mimi nikitoka nitakuwa wa wakati wote au wa kuitwa?"

"Itategemea umefanana na nani. Tulia kwanza."

Hapo sikuona tena cha kuchekesha, hata ndani ya ndoto. Nawajua wanawake walioshikwa na uchungu kwenye kilima hicho, gari limekwama na wanaume wakibishana nani alaumiwe. Mmoja alirudi nyumbani na kanga za mtoto zikiwa bado zimekunjwa. Hajazikunjua mpaka leo.

Nashuka. Napiga magoti, natumbukiza mkono kwenye matope mpaka begani. Loki ya kushoto naipata, naigeuza. Papo hapo tairi la kushoto linaweka hindi lake chini, linajipangusa, linaingia kazini. Naitafuta ya kulia. Naivuta, inang'oka, inabaki mkononi mwangu.

"Geuza kulia, Mama!" Lwidiko ananielekeza. Amesimama juu ya jiwe, mikono mfukoni, raba zake hazina hata tone. "Siyo hivyo. Mama, tumia nguvu! Ningekuwa mimi hapo..."

Naitazama ile loki. Namtazama mwanangu. Shati lake limepanda juu, kitovu kiko nje, cha mviringo, kimetulia tuli. Nalinganisha.

"Hebu sogea hapa, baba."

Anasogea. Naisukumiza loki kitovuni. Inaingia kana kwamba walizaliwa pamoja. Nageuza kulia.

Kraak.

Lwidiko anaanguka chini kwa mikono na magoti. Raba nyeupe zinapotelea kwenye matope. Anaingiza bega chini ya bampa, anaguna, na Landrova inaanza kupanda. Tairi la kulia linatembea kando yake, linamshikia koti la baba yake, linamwambia asiwaze, abiringike tu.

"Mama," anasema huku akihema, "nitavuta mpaka lini?"

"Mpaka nikulegeze."

"Na utanilegeza lini?"

Nikafungua mdomo nimjibu, nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Nje nikasikia shoka. Nikafikiri ni jirani. Nikafungua dirisha, nikamwona Lwidiko anapasua kuni. Kuni zilikuwa zimefika usawa wa dirisha, ndoo zote za maji zimejaa, na ulanzi wa jana uko kwenye kibuyu hajaugusa.

Tulalumba alikuwa mlangoni, mkono kiunoni. Akaninong'oneza, "Mama, amelogwa?"

"Sijui, binti yangu. Usimkatize."

Fundi Chaula akaja na pikipiki. Akatandika gunia uani karibu na Landrova, akafungua sanduku lake. Ndani kulikuwa na loki moja, imelala kwenye karatasi ya grisi. Pembeni yake palikuwa na alama ya mviringo tu, mahali ambapo nyingine ilikuwa imelala.

"Hapana," akasema fundi. Akapekua mifuko, akapekua hata kofia. "Nilizifunga mwenyewe, zote mbili. Lwidiko, kaka, na tairi moja haliwezi kuvuta peke yake, kazi hii haifanyiki."

"Basi rudi Njombe, fundi," Lwidiko akajibu bila kuacha shoka. "Gari liache hivyohivyo. Linavuta, shida yako nini?"

"Si wewe uliyesema linakula dizeli?"

"Na lile mpaka lishibe."

Fundi akanitazama mimi. Mimi nilikuwa namenya viazi.

Hapo Tulalumba akashika nguzo ya mlango, akafumba macho, akasema polepole, "Mama, nadhani ni leo." Kabla sijainuka, Lwidiko alishatupa shoka, alishafungua boneti na kumwaga maji kwenye rejeta. Alipoinama, shati likapanda. Nikaona duara jeusi la grisi limezunguka kitovu chake, safi kama limechorwa kwa kikombe.

"Mama," akasema, akijisugua, "tumbo limenikaza tangu alfajiri. Kama kitu kimegeuzwa humu ndani."

"Litazoea, baba. Washa gari."

Akawasha. Nikapanda na kanga za mtoto, nikakaa kando ya Tulalumba. Chini yetu matairi yote manne yakashika udongo kwa pamoja.

Kulegeza, nadhani, ni kushoto. Lakini sina haraka. Mimi ni mvumilivu.