Mkulima Tu

Januarius Ngassa alikuwa na miaka ishirini na tisa, na kwa miaka miwili alikuwa akishughulikia vyombo katika shirika moja dogo la kufundisha wakulima wa pamba mjini Bariadi. Kompyuta, spika, projekta, vyote vilikuwa chini yake. Ofisini walimwita Januarius. Nyumbani kwao Kimali, wilaya ya Meatu, aliitwa Masalu, na jina hilo ofisini hakuna aliyelijua.

Kulikuwa na jambo jingine wasilolijua. Wiki yake ya kwanza kazini, wakati wa chakula cha mchana, meneja wake Flora alisimulia habari za baba yake, mwalimu mkuu mstaafu, kisha akamuuliza Januarius baba yake anafanya kazi gani. Januarius akajibu kwamba naye ni mwalimu mstaafu. Neno lilimtoka kabla hajalipima. Tangu siku hiyo akawa analilisha ili lisife: akataja shule, akataja ukali wa mzee darasani. Ukweli ni kwamba mzee Ngassa alikuwa na ng'ombe wanane, ekari tano za pamba na elimu ya darasa la tatu.

Mwezi wa kumi na moja, kabla ya kupanda, shirika liliita wakulima thelathini kwa mafunzo ya siku moja, mmoja kutoka kila kikundi cha pamba. Siku mbili kabla, rimoti ya projekta ilikufa. Betri zilikuwa zimevuja ndani yake zikala vyuma. Projekta yenyewe ilikuwa imefungwa darini, vitufe vyake vimegeukia juu, hata ukipanda meza huvifikii. Januarius akaenda sokoni, dukani kwa Hilali, akanunua rimoti ya kuseti, ile inayokubali mashine yoyote ukishaiwekea namba zake. Hilali alimweleza kwamba ndani ya boksi kuna kijitabu cha namba, na kama namba zote zitakataa, basi rimoti yenyewe itafute, namba moja baada ya nyingine, mpaka mashine iitikie. Flora alimtaka aiseti jioni ileile. Alisema sawa. Hakuiseti, kwa sababu aliiona ni kazi ya dakika mbili.

Asubuhi ya mafunzo wakulima walikuwa wakiingia ukumbini wakati Januarius amesimama mlangoni na kijitabu mkononi. Mtu wa saba au wa nane kuingia alikuwa baba yake.

Hakuwa amempigia simu kumwambia anakuja. Huenda alitaka kumshtua kwa furaha. Alivaa koti lake refu la kijivu na katambuga, na vumbi la safari lilikuwa bado miguuni. Alipomwona mwanawe uso wake wote ulifunguka. Akanyoosha mkono.

"Mwangaluka, Masalu."

Januarius alimwona Flora akigeuka. Akaupokea mkono ule kwa ncha za vidole, akaitikia salamu kwa sauti ya chini, kisha akasema kwa Kiswahili, "Karibu, mzee. Kaa popote."

Flora akasogea akauliza, "Amekuitaje?"

"Amenifananisha na mtu," Januarius alisema. "Ni mkulima tu."

Mzee Ngassa alikuwa hatua tatu kutoka hapo, na Kiswahili alikielewa vizuri. Mkono wake ulibaki hewani kidogo, kisha akauingiza mfukoni. Akaenda kukaa kiti cha mbele, chini ya projekta.

Kazi ya dakika mbili ikaanza. Januarius alishikilia kitufe cha kuseti mpaka kitaa chekundu cha rimoti kikawaka bila kuzima, akaingiza namba ya kwanza ya kijitabu, akaielekeza rimoti darini, akabonyeza kitufe cha kuwasha. Projekta haikuitikia. Namba ya pili, ya tatu, mpaka ya kumi na moja, kimya. Wakulima walikuwa wametulia wakimtazama. Flora akatazama saa yake. Januarius akaamua rimoti itafute yenyewe, na hapo ndipo alipoanza kubonyeza kwa haraka, kwa sababu kila alipoinua macho darini aliuona kwanza uso wa baba yake.

Akabonyeza, akabonyeza, akabonyeza. Mara projekta ikalia mlio mfupi na taa yake ikageuka kijani. Lakini kidole kilikwisha kubonyeza tena, namba ikapita, taa ikarudi kuwa nyekundu. Ikabidi aanze upya. Mara ya pili akaipita tena namba hiyo kwa namna ileile. Nyuma ya ukumbi mtu akacheka kidogo.

Mzee Ngassa akasimama. Hakumwita kwa jina lolote.

"Unabonyeza kabla haijakujibu," alisema. "Lete nibonyeze mimi. Wewe tazama taa."

Januarius akampa rimoti. Mzee akaielekeza juu kwa mikono miwili, akabonyeza mara moja, akasubiri pumzi mbili, akabonyeza tena. Aliendelea hivyo bila haraka, kama mtu anayechambua pamba, na kila baada ya kubonyeza alimtazama mwanawe aone atasema nini. Januarius alikuwa akitikisa kichwa: bado. Walikaa hivyo karibu robo saa, wamekaribiana kiasi cha kunusa moshi wa kuni kwenye lile koti. Taa ilipogeuka kijani Januarius akasema, "Hapo," na mzee akakiinua kidole chake kama aliyegusa moto. Januarius akaihifadhi namba. Ukuta ukawa mweupe, wakulima wakapiga makofi.

Flora alimshukuru mzee mbele ya wote, akamuuliza anatoka wapi. Mzee akajibu, "Kimali, mayu," akimwita mama kwa Kisukuma, kisha akarudi kwenye kiti chake. Wakati wa chakula alikula na wenzake wa Meatu uani. Januarius alikula amesimama nyuma ya ukumbi, akijisingizia kukunja nyaya.

Alasiri, wakulima wameshaondoka, alikaa kuingiza majina ya mahudhurio kwenye kompyuta. Kikundi cha Kimali kilikuwa mstari wa kumi na tisa. Alitegemea kuona Ngassa Ndaki, jina ambalo lingemfanya Flora aulize maswali. Badala yake aliona herufi kubwa zilizoandikwa kwa shida: MARCELO NDAKI. Marcelo lilikuwa jina la ubatizo la baba yake, ambalo hata padri alikuwa amelisahau. Kwenye nafasi ya namba ya simu palikuwa patupu. Simu mzee alikuwa nayo; Januarius mwenyewe ndiye aliyemnunulia.

Alikaa mbele ya karatasi ile mpaka kioo cha kompyuta kikazima. Baba yake alikuwa amemsikia, akauelewa uongo wake mara moja, kisha akamsaidia kuulinda. Hilo ndilo lililomchoma kuliko yote. Kama angemgombeza mbele ya watu, pengine lingekuwa jepesi.

Akainuka akaenda kwa Flora. Alimwambia akiwa mlangoni, bila kukaa, kwamba yule mzee wa rimoti ni baba yake mzazi. Flora aliweka kalamu chini.

"Na yule mwalimu mstaafu?"

"Hayupo. Hakuwahi kuwapo."

Flora hakumkaripia. Alimwambia awahi stendi kabla mzee hajaondoka. Januarius alikimbia, lakini basi la kwenda Meatu, lile la Mwanhuzi, lilikuwa limeondoka.

Jumamosi alisafiri hadi Kimali. Baba yake alimpokea kama siku zote, akamuuliza habari za kazi, akampeleka kuona ndama mpya. Kule zizini Januarius alijaribu kuanza kusema, mzee akamkatiza.

"Usiniaibishe kwa mama yako," alisema kwa utulivu. "Nimemwambia tulikula meza moja, wewe na mimi na mkubwa wako."

Wakati wa chakula mama yake, Apolonia, aliweka ugali na mlenda, akaketi, na kitu cha kwanza alichouliza ni kuhusu meza ile. Alitaka kujua mama meneja alimpokeaje mzee, na kama alimsifu. Mzee Ngassa alikuwa anakata tonge, macho kwenye sahani. Januarius alijua kwamba neno moja tu la kukubali lingetosha, na kwamba baba yake angelibeba mpaka kaburini.

"Hatukula pamoja, mama," alisema. "Nilimkana. Nilisema ni mkulima tu, simjui."

Mama yake akaacha kula. Akamtazama mumewe, kisha mwanawe. "Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu."

"Basi na hayo utayasema mbele ya watu," alisema Apolonia.

Jumapili baada ya ibada kikundi cha pamba kilikutana nyuma ya kanisa, kumsikiliza mzee Ngassa akitoa taarifa ya mafunzo. Walikuwa watu ishirini na wawili, wengi wao wamemjua Januarius tangu anachunga. Kabla baba yake hajaanza, Januarius akaomba nafasi. Akaeleza yote: uongo wa mwalimu, mkono alioupokea kwa ncha za vidole, maneno aliyosema, jina lililoandikwa kwenye karatasi. Kisha akamgeukia baba yake na kumwomba msamaha kwa Kisukuma, kwa sababu kwa Kiswahili maneno yalikuwa hayatoshi.

Mwanamke mmoja alijifuta uso kwa kitenge. Mzee Ngassa alikuwa ameinamisha kichwa, anaona aibu kwa ajili ya mwanawe kama vile kosa ni lake. Mwishowe aliinua macho.

"Nimesikia, Masalu," alisema. "Kaa hapa karibu nami."

Januarius akakaa. Mzee akakunjua karatasi aliyopewa Bariadi, akaanza kuwaeleza wenzake habari za mbegu.