Doa Nyuma ya Kabati

"Hili la nani?" aliuliza mama mwenye nyumba. Alikuwa amepiga magoti juu ya zulia lake kama mtu anayetafuta sindano iliyomdondoka.

"Langu," nilisema. "Chai."

"Na hili?"

"Pasi. Hilo pia lake," alidakia mume wangu kabla sijafungua mdomo. Alikuwa ameegemea mlango, mikono kifuani. Siku ile bado nilimwita mume wangu. Ulimi huchelewa kupata habari.

Tulikuwa tunarudisha nyumba. Ndoa tulikwisha kuirudisha. Mama mwenye nyumba, mjane aliyestaafu ukunga, alikuwa ameshikilia amana tuliyoweka tulipohamia, na alitoa hukumu yake mapema: kila doa litakatwa kwenye fungu la aliyelifanya, kitakachobaki kila mtu achukue chake. "Sitaki kesi," alisema. "Nataka zulia langu." Lilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, limetandikwa ukuta kwa ukuta na marehemu mumewe kwa mikono yake mwenyewe. Nyumba ikivuja angevumilia. Zulia, hapana.

Shemeji, kaka mkubwa wa mume wangu, alikuja kama shahidi. Alikuwa muuza mbao, mtu wa maneno machache yenye uzito, penseli nyuma ya sikio hata siku asiyouza kitu. Alikalia kiti pekee kilichobaki sebuleni, akawa anaitikia kwa kichwa kila doa lilipopata mwenyewe.

Mume wangu alikuwa fundi wa friji, na mara nyingi alizileta kazi nyumbani. Palikuwa na mafuta meusi karibu na dirisha, na mchaniko mrefu palipoburutwa friji ya muuza nyama. Alibishania kila kimoja.

"Huu mchaniko tuliukuta, mama."

"Mwanangu, mimi nimezalisha watoto wa mtaa huu wote. Alama ya kuzaliwa naijua, na alama ya kuanguka naijua. Huu ni wa kuanguka."

Hata shemeji alicheka. Mimi sikucheka. Nilitaka yaishe, nipewe changu, niondoke na jina nililokwisha kupewa.

Jina hilo nilipewa miezi michache kabla, kwenye sebule ya wakwe, nimekalishwa kiti kilichotazamana na viti vingine vyote. Mimi ni mkaguzi wa mizani. Nazunguka mji hadi mji na sanduku la mawe ya shaba, kuhakikisha kilo ya muuza sukari ni kilo kweli. Kila mwezi nililala wiki nzima kwenye nyumba za wageni. Mume wangu alilijua hilo kabla ya kuleta posa, na mshahara huo ndio ulionunua mtungi wake wa kwanza wa gesi ya friji. Lakini ndoa ilipoanza kupwaya, alisimama mbele ya wazee akasema, kwa sauti ya mtu aliyeonewa, "Mimi naishi na nguo za mke. Mke mwenyewe simwoni."

Wazee walitikisa vichwa. Shemeji ndiye aliyefunga mjadala: "Mke wa safari, nyumba yake ni barabara."

Walicheka kidogo. Mama mkwe alinitazama kwa huruma, huruma ya mtu aliyekwisha kuhukumu. Mama yangu mzazi, aliyekaa ubavuni mwangu, aliinamisha kichwa akaanza kuchezea kishikio cha mkoba wake. Ikasemwa nimeikimbia nyumba. Nami sikubisha. Ningebisha vipi? Ni kweli nilikuwa sipo. Nilitoka pale nimelibeba neno hilo, na kibaya zaidi, nimeliamini. Usiku wa safari, kwenye vitanda vya watu, nilikuwa nikijiuliza kama kweli mkono wangu ndio uliobomoa nyumba.

Sasa kilikuwa kimebaki chumba cha kulala. Humo mlikuwa na kabati la nguo tu, zito, la mbao nyeusi, nililolinunua mimi. Gari la mizigo lilikuwa linalisubiri nje.

Mume wangu, aliyekuwa amebishana hadi tone la mwisho la chai, ghafla akawa mkarimu.

"Liache tu hilo. Utahangaika nalo bure. Nitakupa thamani yake."

"Kabati ni langu. Naondoka nalo."

"Mgongo unanisumbua leo."

"Wewe ubebaye mafriji?" aliuliza mama mwenye nyumba.

Shemeji akainuka. Naamini hakujua chochote. Alitia penseli mfukoni, akashika upande mmoja, nikashika wa pili, tukalivuta.

Doa lilikuwa jekundu, pana kama kiganja kilichofunguliwa, na matone madogo yakielekea kilipokuwa kitanda. Mtu alikuwa amejaribu kulisugua, akalitandaza zaidi. Mama mwenye nyumba alipiga magoti, akalikwaruza kwa ukucha.

"Rangi ya kucha," alisema. "Hii haitoki. Hii ni kukata zulia."

Kisha macho yake yakaja kwenye mikono yangu. Sidhani kama alikusudia. Kucha zangu zilikuwa fupi, tupu, kama zilivyokuwa tangu niajiriwe. Kazini kwetu hata jasho la vidole ni marufuku kwenye yale mawe ya shaba, maana jasho nalo lina uzito.

"Hilo nitalipa mimi," alisema mume wangu. "Lote."

Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Nililikumbuka kabati lilivyokuwa zamani, ukuta wa pili, mbali na dirisha. Siku moja nilirudi kutoka safari nikalikuta limehamishwa. "Chumba kimepata nafasi, au siyo?" aliniambia. Nilisimama mlangoni, begi bado begani, miguu imevimba, nikamsifu. Nilimwambia ana jicho la kupanga nyumba. Jioni ile alinipikia.

"Shemeji," nilisema, "umeliona?"

"Nimeliona."

"Basi ukifika nyumbani, waambie wazee ulichokiona. Usiongeze neno."

Alijitazama viganja, akapangusa vumbi la kabati kwenye suruali. "Shemeji, mambo ya zulia hayapelekwi kwa wazee. Na yenyewe si yameshaisha?"

"Ya barabara mbona yalipelekwa?"

Alitoa penseli mfukoni, akairudisha nyuma ya sikio. Mume wangu ndiye aliyepandisha sauti. "Si nimesema nitalipa? Unataka nini tena?"

Nilimtazama nikaona hakuwa anatania. Kwake hesabu ilikuwa imefungwa.

Mama mwenye nyumba alijiinua kwa kushika ukingo wa kabati, magoti yakilia. "Lako la chai silikati, mwanangu," alinong'ona. "Chai hutoka."

"Kata, mama. Langu nalilipa."

Akakata. La pasi pia. Fungu la mume wangu halikutosha kwa lile jekundu, akaongezea kutoka mfukoni bila kuomba apunguziwe. Shemeji alinisaidia kulibeba kabati mpaka garini. Alishika upande wake vizuri, akaniambia niangalie ngazi, na muda wote hakuniangalia usoni.

Wazee hawakuambiwa. Hata leo nikikutana na mmoja wao sokoni husimama, hunisalimu kwa upole, kisha huuliza, "Bado unasafiri?" Nami hujibu, "Bado, baba," kwa sababu ni kweli.

Mtu mmoja tu nilimweleza. Jumapili iliyofuata nilikwenda kwa mama yangu nikamkuta uani, anachambua mchele. Nilimsimulia yote, toka chai mpaka kabati, na nilipofika kwenye doa niliona aibu kama vile ni mimi niliyelimwaga. Mikono yake iliendelea kuchambua.

"Jekundu?" aliuliza mwishowe.

"Jekundu."

Aliokota kijiwe kwenye sinia, akakitazama, akakitupa.

"Na kama ungekuwa nyumbani, mwanangu, huyo mtu angepitia mlango gani?"

Hakusema kwa ukali. Aliuliza kama anavyoniulizaga nimekula au bado.

Nilivuta kigoda, nikauvuta na mchele wa upande wangu, tukachambua pamoja mpaka ukaisha. Kesho yake nilikuwa na safari.